Ukimya wa Nyumba ya Mapazia ya Kijani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Ndugu Mkurugenzi wa kampuni iliyochapisha kitabu hiki. Mama Kipaza, mwenye shughuli. Mama yangu mzazi, uliyekataa kiti cha mbele kwa sababu ya feni. Ndugu wageni waalikwa. Na ninyi wenzangu wa kituo cha redio mliojibanza karibu na mlango ili mtoroke kabla ya hotuba za mwisho, nawaona. Nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Mimi ni fundi mitambo. Kazi yangu ni kukata sauti za watu na kuziunga, na maisha yangu yote nimelipwa ili mimi mwenyewe nisisikike. Kwa hiyo Mkurugenzi aliponiomba nisimame hapa niseme, kwa maneno yake, "machache kuhusu mvuto wa kumbukumbu za wanahabari wanawake wa vita," nilimwambia amekosea mtu. Akacheka. Mtu akicheka badala ya kujibu, ujue ameshakuweka kwenye ratiba.

Basi nianze na huo mvuto, na shahidi wangu ni mama yangu, yule aliyekimbia feni. Mama hasomi hadithi za mapenzi. Anasema mwisho wake anaujua kwa kutazama jalada. Anasoma vitabu vya wanawake walioripoti vita, basi. Amevipanga juu ya friji kwa sababu kabati limejaa. Siku moja nikamuuliza: Mama, wewe unayeogopa hata radi, unatafuta nini humo? Akanijibu bila kuinua macho, "Mizinga naruka. Nataka kujua alilala wapi, nani alibaki na wanawe, na akibanwa na haja alikwenda wapi na nani alimshikia mlango." Mnacheka, lakini ni nani kati yenu hajawahi kujiuliza? Wapo wanaume walioandika vita vizuri sana, na wengine wamekaa humu ndani, sitaki ugomvi. Ila mwanamke ndiye aliyekaribishwa hadi jikoni na vyumbani, ndiye anayekwambia kwamba alipoingia, sufuria ilikuwa bado ya moto na hapakuwa na mtu. Na hapo ndipo msomaji anapoinuka kwenda kuhakikisha mlango wake umefungwa.

Mama ana lake jingine. Anasema kila kitabu cha wanawake hawa kina chumba kimoja ambacho mwandishi anakipita mbio. Vyumba vingine anakaa, anakueleza mpaka rangi ya beseni; halafu kuna kimoja anaingia na kutoka kwa mistari mitatu. "Hicho," anasema mama, "ndicho hajatoka mpaka leo. Mimi nasoma kitabu kizima nikikitafuta hicho." Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mimi sina elimu ya vitabu, lakini sijasikia mtu aliyeueleza mvuto huu vizuri kuliko hapo. Hatusomi kwa sababu ya ushujaa. Tunasoma kwa sababu mtu amerudi, amekaa mezani, anamimina chai, anacheka, na wewe unaona kabisa kwamba kuna sehemu yake imebaki imesimama mahali.

Mama Kipaza mnamjua kwa sauti. Wengi wenu mmekua mkimsikia saa ya habari, baba anaongeza redio, watoto mnaambiwa nyamazeni. Mimi namjua kwa ukimya wake. Nieleze, maana hili ni la ufundi na sitaki mtu aachwe nyuma. Kila chumba kina ukimya wake. Hata ukumbi huu una wake: feni, nyaya za umeme, nguo zenu mkijigeuza. Mtu akikohoa katikati ya ripoti, nakikata kikohozi, na pale kilipokuwa panabaki shimo. Nikiliacha hivyo, msikilizaji anadhani redio imekufa, anaipiga kofi. Kwa hiyo nalijaza kwa ukimya wa chumba kile kile. Ndiyo maana mwandishi wa redio aliye makini, kila anapofika, huwasha kinasa sauti na kusimama dakika nzima bila kusema neno. Wengine ni wavivu, wanatuletea ukimya wa hotelini wakidhani hatujui. Mama Kipaza hakuthubutu. Aliingia popote, akang'ata ncha ya kitambaa chake cha kichwani ili pumzi yake isiingie kwenye kanda, akasimama pale dakika nzima kama mtu aliyesahau alichofuata. Kanda zake za ukimya zimejaa kabati zima pale studio. Wenzangu wanaliita makaburi ya Mama Kipaza. Nimewakataza, hawasikii.

Katika kitabu chake kuna sura ya mji uliokuwa ukingoja kuvamiwa. Magari ya kuhamisha raia yalikuwa machache, na waliokuwa wakiyapanga walisikiliza redio kama sisi sote, wapate kujua ni mtaa upi bado una watu. Mama Kipaza akaingia mtaa wa mwisho, akapita nyumba kwa nyumba. Aliandika hivi, na nasoma: "Nikaingia nyumba yenye mapazia ya kijani. Ilikuwa tupu. Nikarekodi ukimya, nikatoka. Ilikuwa tupu." Jioni yake akasema hewani kwamba mtaa ule hauna mtu tena. Magari yakapitia barabara nyingine.

Mswada wa kitabu hiki nilimwazima mama yangu, na Mkurugenzi anisamehe kwa hilo. Mama akanirudia na kidole kikiwa juu ya ukurasa. "Chumba chenyewe ndicho hiki," akasema. "Na mbona kasema tupu mara mbili? Nani alikuwa anambishia?"

Kituo chetu kikataka kitabu kisomwe redioni, tena na mwenyewe. Mama Kipaza wa leo anakohoa, nami nikawa na kazi ya kukata na kujaza. Nilipofika kwenye mistari ile nikaingiwa na wazo la kujifurahisha tu, la kifundi: kwa nini nisiyajaze mashimo yake kwa ukimya wa nyumba ile ile? Ni nani mwingine aliyenao? Nikaenda kabatini, nikaitoa kanda. Ilikuwa kuukuu, inavuma. Nikausafisha ule mvumo, nikapandisha sauti, nikavaa hedifoni. Ilikuwa mchana kweupe, na nje ya kioo wenzangu walikuwa wakibishana habari za mpira.

Ndani ya nyumba ile tupu kulikuwa na watu wanapumua.

Niliogopa, sifichi. Nilivua hedifoni nikatazama nyuma yangu, mtu mzima mimi, katika chumba ambacho mlango wake mmoja niko nao uso kwa uso. Nikajiambia ni Mama Kipaza mwenyewe, kitambaa kilimtoka mdomoni. Lakini pumzi ya mtu mmoja naijua, ndiyo inayonilisha. Hizi zilikuwa nyingi, zinapishana, zinabanwa, zinaachiwa kidogo kidogo, pumzi za watu wasiotaka kusikika. Moja ilikuwa ndogo, ya haraka. Moja ilipita puani. Moja ilikuwa na mkwaruzo. Na ya nne ilikuwa ndefu, taratibu, yenye mluzi mdogo mwishoni, na hiyo haikujificha hata kidogo.

Nikampigia simu Mama Kipaza, akaja. Alisikiliza akiwa amesimama, sikuweza kumkalisha. Akasema, "Zima." Nikazima. Akasema, "Washa." Tulikwenda hivyo mpaka chai niliyomwekea ikapoa. Kisha akaniuliza kwa sauti ile ile ya saa ya habari, "Walitoka?"

"Mama, mimi nitajuaje?"

"Nilisema hakuna mtu," akasema. "Nikaaminiwa. Kitabu hiki hakitoki mpaka nijue kama watu hawa walitoka."

Mkurugenzi ni shahidi. Karatasi zilikuwa zimeshaingia mtamboni. Alikuja studio tai imepinda, akasema, "Mama, ni miaka mingi, ni mji wa mbali, huenda ni upepo tu." Mama Kipaza hakubishana naye, alimvalisha hedifoni. Mkurugenzi, nieleze ulivyotoka mle ndani au niache? Haya, naacha. Ila tangu siku ile hakuuliza tena kitabu kitatoka lini, na mama huyu alikuwa akizidi kukonda mbele ya macho yetu, akila kama mtu anayetimiza wajibu. Nilihofia kwamba atatutoka kabla hajajibiwa.

Tukaurusha ukimya ule hewani, baada ya matangazo ya vifo, na ombi fupi: anayeijua nyumba hii na aje. Simu tulizopokea sitazisimulia zote. Mzee mmoja alituomba tusirudie kwa sababu paka wake amehama chumba. Dada mmoja alisema amemtambua mumewe, na mume mwenyewe yuko naye hapo hapo sebuleni anakula. Mwingine alipiga akakaa kimya. Nami sikusema kitu, nikamsikiliza, akanisikiliza, kisha akakata. Kesho yake akaja kwa miguu yake.

Ni binti mpima macho katika duka la miwani, na hii niliyovaa nimenunua kwake. Miaka yote hiyo tunapishana mtaa mmoja. Amekaa safu ya pili. Ameniruhusu niseme haya, ila naomba msigeuke kumtazama, maana kazi ya kutazama watu ni yake, siyo yenu.

Nilimvalisha hedifoni, akafumba macho. Akanyoosha kidole. "Hii ndogo ni mimi." Akasubiri. "Hii ya puani ni mama. Ametuziba midomo, mkono huu mimi, mkono huu kaka. Hii ya mkwaruzo ndiyo ya kaka, alikuwa na homa." Walikuwa katika stoo ndogo nyuma ya kabati la vyombo, akaniambia, kabati lilivutwa likaziba mlango, na mtu wa sebuleni hawezi kujua.

"Tulimsikia akiingia," akasema. "Tulisikia viatu. Tukadhani ni askari. Lakini askari huvunja vitu, huita, hucheka. Huyu aliingia akasimama. Hasemi, hagusi kitu, haondoki. Wala hatukumsikia akipumua. Sisi pale nyuma ya kabati tunazuia pumzi zetu, na yeye upande wa pili hana pumzi kabisa. Kisha akatoka polepole. Kaka akasema, huyo hakuwa mtu."

Ndugu zangu, hebu lifikirieni hilo. Mama Kipaza yuko sebuleni ameng'ata kitambaa ili aupate ukimya, na nyuma ya kabati wako watu wamezibana midomo ili wawe ukimya. Nyumbani kwao mgeni yule alipewa jina, Aliyesimama. Mama yake alimsimulia mpaka mwisho wa uhai wake.

Nikamuuliza juu ya pumzi ya nne. Akasikiliza tena, muda mrefu. "Hiyo ni ya bibi," akasema. "Alikuwa na pumu. Ilikuwa ikipiga mluzi hivyo hivyo tangu nijijue."

"Basi mlikuwa wanne," nikasema.

Akavua hedifoni, akaziweka mezani taratibu, kama anavyoweka miwani ya mteja. "Tulikuwa watatu. Bibi alikuwa amefariki tangu jana yake. Tulikuwa tumemfunika kwa kitambaa cha meza."

Mimi ni mtu wa mitambo. Nimeichunguza sauti ile kwa kila njia niijuayo. Nimesema ni bomba la maji, nikaambiwa maji yalishakatwa wiki nzima kabla. Nimesema ni pazia; pazia halina pumu. Nimesema kanda ilirekodiwa juu ya kanda nyingine, nikakagua, haikurekodiwa. Sasa nimeacha kusema.

Mama Kipaza alikuwa chumba cha pili, na bilauri ya maji ambayo hakuyanywa. Niliwakutanisha. Sikujua nibaki au nitoke, nikabaki, nikajifanya nakunja nyaya.

"Mwanangu," Mama Kipaza akasema, "mlitoka?"

"Mimi na mama tulitoka. Kaka hakutoka."

"Na magari?"

"Tuliyasikia yakipita barabara ya nyuma. Mama akasema yatarudi. Kaka alisubiri siku mbili. Askari nao hawakuingia. Walipita mlangoni wakipiga soga. Labda na wao walikusikia redioni. Njiani nikija hapa nimejaribu kukulaani, nikajaribu kukushukuru, vyote vimenishinda."

Nilitegemea Mama Kipaza aombe radhi pale pale, kama ambavyo ningefanya mimi, upesi, ili nipumue. Hakuomba. Alisema jambo gumu zaidi. "Nilijua kuna kitu. Masikio hayakuniambia, ngozi ndiyo ilinisimama. Nikajiambia, wewe mwanamke, huo ni woga wako tu, na wenzako wanaume watakucheka. Nikatoka. Na nilipoandika kwamba nyumba ilikuwa tupu, mkono ukaandika tena." Kisha akasema, "Nisamehe, mwanangu. Kaka yako nilimwacha mimi."

Mpima macho hakusema amesamehe. Sitawadanganya ili mpige makofi. Alisema, "Unajua mama alikuwa akisema nini juu yako? Alisema Aliyesimama alikuja kumfuata bibi. Alisimama kidogo kwa adabu, akamsubiri ajiandae, wakaondoka pamoja. Hilo ndilo lililompa nguvu ya kutuficha siku zile zote, kwamba bibi hayuko peke yake." Akaitazama ile kanda. "Kumbe alisema kweli. Umemweka bibi yangu kabatini miaka yote hii."

Nyaya zikaniponyoka mkononi.

Mama Kipaza akasema ukurasa ule atauchana. Yule binti akamkataza. "Usiuchane. Aliyesimama mwache asimame. Ila andika chini yake kwamba tulikuwemo." Akaomba jambo moja tu. Hana picha ya mama yake. Ya kaka hana, ya bibi hana. Akaomba apewe dakika ile. Nimemnakilia, na ameniambia huisikiliza asubuhi kabla ya kufungua duka, halafu anatoka kwenda kuwauliza watu kama wanaona herufi.

Kwa hiyo kitabu mnachokifungua leo, Mheshimiwa, kina mistari ile ile mitatu kama ilivyokuwa, na "tupu" zake zote mbili, na chini yake kuna sura mpya. Mama Kipaza ameiandika mwenyewe, kwa mkono, akikohoa. Hakujitetea humo. Mama yangu ameshaisoma. Amesema hiki ndicho kitabu cha kwanza juu ya friji yake ambacho mwandishi amerudi kwenye kile chumba na kukaa chini. Halafu akaniambia nimpelekee supu, maana mwandishi mwenyewe amekonda.

Ninawashukuru wote mliotufikisha hapa: Mkurugenzi, uliyezuia mtambo na kuvumilia hasara bila kunung'unika sana; wenzangu wa kituo, pamoja na mdomo wenu; Mama Kipaza, kwa kuuliza swali ambalo wengi tungelikimbia; na zaidi ya wote wewe wa safu ya pili, kwa kulijibu.

Leo asubuhi nilikuja hapa mapema kutega vipaza sauti. Viti vilikuwa vimepangwa, hakuna aliyekalia. Kwa mazoea yangu niliwasha mashine, nikasimama hapa hapa niliposimama, nikachukua dakika ya ukimya wa ukumbi. Mlinzi akachungulia mlangoni, funguo mkononi, akaniuliza, "Fundi, kuna mtu humo ndani, au nifunge?" Neno la kumjibu lilikuwa limeshafika ulimini, lile "tupu" la mistari mitatu. Nikalimeza. Nikamwambia, "Sijui. Usifunge."

Katika ratiba zenu imeandikwa kwamba sasa tutasimama dakika moja kuwakumbuka waliofariki. Tumezoea kuwapa wafu ukimya wetu. Leo, kwa idhini ya Mheshimiwa na ya binti mwenye watu wake, tutaupokea ukimya wao, ule wa kwenye kanda. Naomba feni izimwe, mama yangu utafurahi. Naomba simu zizimwe. Mkiisikia ile ndogo ya haraka, mjue mwenyewe yuko nasi hapa, ni mzima. Mkiisikia ile ya mkwaruzo, huyo ni kijana ambaye magari hayakumfikia. Na mkiisikia ile ndefu yenye mluzi, msigeuke.

Mimi mmenisikiliza vya kutosha, na ninawashukuru kwa hilo. Sasa simameni, tuwasikilize wao.